John Snow: Jamaa aliyeupima usingizi wa thieta

Kama una mtoto wa miaka miwili hadi mitano, au mdogo wako ni wa umri huo, huenda siku moja ukaketi kwenye benchi la hospitali ya rufaa hapa Isiolo ukingoja atolewe thieta. Anafungua macho, na balaa inaanza: anarusha mateke, anavuta dripu, hata mamake hamtambui. Mtu kando yako atasema ni majini. Usikubali haraka. Kwanza mjue John Snow.

Snow alizaliwa York, Uingereza, mwaka wa 1813, kifungua mimba kati ya watoto tisa wa kibarua. Akiwa na miaka 14 tu, alipelekwa Newcastle kujifunza udaktari. London alifika 1836, bila pesa wala jina.

Dawa ya usingizi ya etha ilipoingia Uingereza mwishoni mwa 1846, wengi waliitumia kwa kukisia. Snow akakataa. Akaketi akapima mvuke na joto, akaunda chombo chake cha kuvutia dawa. Mwaka wa 1847 aliandika kitabu, akaugawa usingizi huo hatua tano. Shika hiyo ya pili: mwili bado una nguvu, akili imevurugika.

Mwaka wa 1848 msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki karibu na Newcastle baada ya kupewa klorofomu ili atolewe ukucha. Snow akazidi kusisitiza vipimo. Mnamo 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu akijifungua Leopold. Mwaka uliofuata akafuata kipindupindu hadi kwenye pampu ya maji ya Broad Street. Alifariki 1858, miaka 45 tu.

Sasa rudi kwenye benchi. Anayeamka huzipita hatua zile akirudi, na mtoto anaweza kukwama kidogo pale pa vurugu. Dawa za kisasa za kuvuta, kama sevoflurani, huongeza uwezekano huo. Mara nyingi hupita ndani ya nusu saa.

Wewe una kazi, tena kabla ya siku yenyewe. Mweleze mtoto ukweli kwa maneno yake, kwa sababu anayeingia na hofu nyingi huwa rahisi kuamka na fujo. Mwambie mtaalamu wa usingizi kama aliwahi kuamka hivyo. Kuna dawa za mshipani zinazosaidia kuzuia. Uliza maumivu yatatulizwaje kabla hajaamka, na kama utaruhusiwa kuwa karibu naye.

Fujo ikianza, usimtikise wala usimchape. Mlinde asianguke, punguza kelele, ongea naye polepole kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kimeru. Na mwite muuguzi mara moja, maana maumivu au kukosa hewa pia humfanya mtoto ahangaike.

Snow hakuoa wala hakuacha mtoto. Lakini wako akilala kwa dozi iliyopimwa, akaamka, akanuna, kisha akaitisha chai, jua jamaa huyo alichangia.