Al-Ghazali, mwalimu aliyegomewa na ulimi

Tukisema fulani ameelimika, wengi wetu huwaza vyeti. Abu Hamid al-Ghazali alikuwa na elimu ya kutosha na sifa juu yake. Alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika Iran ya leo, na mwaka 1091 akapewa kiti cha ualimu katika madrasa kuu ya Baghdad, akiwa na wanafunzi wapatao 300.

Kuna wakati shaka ilimshika. Kivuli cha mti tukikitazama kimetulia. Tukirudi baada ya saa moja, kimeshahama. Kama jicho hudanganya hivyo, akili nayo nani ataidhamini? Kwa karibu miezi miwili hakuwa na hakika ya lolote. Mwenyewe aliandika kwamba hakuokolewa na hoja, bali na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Mwaka 1095 ulimi ukamgoma mbele ya wanafunzi. Chakula nacho hakikupita. Matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa uko moyoni. Naye alikuwa ameshajua: alifundisha ili atajwe. Akagawa mali, akabakiza ya kulisha wanawe, akaaga kwamba anakwenda Makka, kumbe njia yake ni ya Sham. Huko Damascus alikuwa akijifungia kutwa katika mnara wa msikiti.

Tunachokipenda sisi ni kwamba elimu hakuitupa. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Alifariki Tus mwaka 1111.