AL-BATTANI: MWANACHUONI ALIYEPIMA MAJIRA KWA KIVULI



 

Mwaka huu tumechagua kuwaletea maisha ya mwanachuoni ambaye hatajwi sana katika madrasa zetu, ingawa kazi yake inagusa shamba la kila mzazi kuanzia Tarime hadi Mugumu. Sababu ya kumchagua ni swali la mtoto. Mwanafunzi wetu mmoja alituuliza kwa nini mvua na kiangazi hurudi karibu miezi ile ile kila mwaka. Tukamjibu haraka haraka kwamba jua husogea karibu nasi, kisha likaenda mbali. Jibu lile halikuwa sahihi, na tumeona ni wajibu wetu kulisahihisha mbele yenu nyote.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abu Abdillah Muhammad bin Jabir bin Sinan al-Battani. Alizaliwa katikati ya karne ya 9 katika eneo la Harran, ambalo leo limo nchini Uturuki. Watu wengi wa Harran walikuwa Wasabii waliozitukuza nyota, na ukoo wake ulitokana nao. Ndiyo maana kitabu chake kikuu kinajulikana kwa jina la Az-Zij as-Sabi. Yeye mwenyewe alikuwa Muislamu. Zile nyota ambazo wazee wake walizitukuza, yeye alikaa akazipima.

KAZI YAKE RAQQA

Sehemu kubwa ya umri wake aliishi Raqqa, mji ulio kando ya mto Furati katika nchi ya Syria ya leo. Hapo alianza kuangalia jua, mwezi na nyota mwaka 264 H (877), akaendelea hadi mwaka 306 H (918). Hiyo ni zaidi ya miaka 40 katika kazi moja! Darubini ilikuwa haijavumbuliwa. Alitegemea macho yake, kijiti cha kivuli, saa za jua na vyombo vikubwa vya kupimia nyuzi.

Kipimo chake mashuhuri tunaweza kukieleza kwa urahisi. Kila siku jua hufika juu kabisa muda mfupi kabla ya adhana ya Adhuhuri, na hapo kivuli huwa kifupi kuliko saa nyingine zote. Pale Raqqa, mwezi wa Juni jua la mchana lilipanda hadi nyuzi 77 na nusu hivi kutoka ardhini. Mwezi wa Desemba halikupita nyuzi 30 na nusu hivi. Al-Battani alitafuta tofauti ya vipimo hivyo viwili akaigawa kwa mbili. Akapata nyuzi 23 na dakika 35.

Ptolemy, mwanafalaki wa Misri aliyemtangulia kwa miaka 700 hivi, alikuwa ameandika nyuzi 23 na dakika 51. Al-Battani alimheshimu Ptolemy na alisoma kazi zake, lakini hakunakili tu. Alipima mwenyewe. Hesabu za leo zinaonyesha kuwa katika zama zake kipimo sahihi kilikuwa hicho hicho chake. Siku hizi kimepungua kidogo hadi nyuzi 23 na dakika 26, kwa sababu hubadilika polepole sana karne hadi karne.

KIPIMO HICHO KINATUELEZA NINI

Kama wanachuoni wengine wa zama zake, al-Battani alidhani kuwa dunia imetulia na jua ndilo linaloizunguka. Leo tunajua kuwa dunia ndiyo inayolizunguka jua, na mhimili wake umeinama. Pembe aliyoipima ndiyo pembe ya mwinamo huo.

Mwezi wa Juni upande wa kaskazini wa dunia huelekea jua, na mwezi wa Desemba huwa zamu ya upande wa kusini. Chukueni tochi usiku mmulike sakafu kutoka juu moja kwa moja. Mtaona duara dogo lenye mwanga mkali. Kisha ilazeni tochi. Mwanga ule ule utatawanyika mahali papana na kufifia. Ndivyo jua linavyofanya: likiwa juu hutoa joto kali, likilala joto hupungua. Tena mahali ambapo jua hupanda juu, mchana nao hurefuka.

Na umbali je? Dunia hulikaribia zaidi jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati Ulaya wako kwenye baridi kali. Huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152 hivi, wakati wao wako kwenye joto. Kwa hiyo jibu letu la mwanzo linaanguka.

HUKU KWETU MARA

Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, hatufiki nyuzi 2. Jua halituachi mbali, na mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Majira yetu huonekana zaidi katika mvua. Jua hutufikia utosini karibu tarehe 17 Machi na tena karibu tarehe 26 Septemba. Hewa hupata joto ikapanda, pepo za kaskazini na za kusini zikakutana, na mvua hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Ndipo tunapata masika, kisha vuli. Hata nyumbu wa Serengeti hufuata mvua na majani, na ndiyo maana huonekana mto Mara kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, wakati nyanda za kusini zimekauka.

KUFARIKI KWAKE

Katika uzee wake, watu wa ukoo wa Banu Zayyat wa Raqqa walifanyiwa dhulma. Al-Battani alifuatana nao hadi Baghdad kupeleka malalamiko yao. Akiwa njiani kurudi alifariki mahali paitwapo Qasr al-Jiss, mwaka 317 H (929). Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na Copernicus alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1543.

Tunajifunza nini? Kwanza, kumheshimu aliyetutangulia hakutuzuii kupima alichosema. Pili, elimu haikumfanya asahau haki za majirani zake.

ZOEZI LA MWAKA

Simikeni kijiti kilichonyooka chenye sentimita 100 juu ya ardhi. Karibu tarehe 21 Juni, kabla tu ya Adhuhuri, kivuli kitakuwa sentimita 46 hivi na kitaelekea kusini. Karibu tarehe 21 Desemba kitakuwa sentimita 41 hivi na kitaelekea kaskazini. Aidha, karibu tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na karibu tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana, jua huwa utosini mwa Makka. Wakati huo kivuli cha kijiti chenu kitaelekea kinyume kabisa na kibla. Wazazi, tunawaomba mpime pamoja na watoto, na mtuletee vipimo vyenu.

Na yule mwanafunzi aliyeuliza, tunamshukuru. Allah amzidishie elimu yenye manufaa, yeye na sisi sote. Amin.

Wabillahi tawfiq.