Antao, kijana wa Mombasa aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza

JINA la Kenya linapotajwa katika riadha, fikra za wengi hukimbilia Bonde la Ufa. Hukumbukwa Kapsabet, Iten na Eldoret, na vijana wembamba wanaofanya mazoezi alfajiri katika barabara za vumbi jekundu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba dhahabu ya kwanza ya Kenya katika michezo mikubwa ya kimataifa haikutoka nyanda za juu wala haikupatikana katika mbio ndefu. Ilitoka katika kisiwa cha Mombasa, na aliyeitwaa alikuwa kijana wa Kigoa aliyeshinda mbio za yadi 100.

Kijana huyo alikuwa Seraphino Antao. Alizaliwa Mombasa Oktoba 1937, wazazi wake wakiwa wenyeji wa Goa, eneo la pwani ya magharibi ya Bara Hindi lililokuwa chini ya Wareno.

Uhusiano wa Goa na Mombasa haukuanza na wazazi wa Antao. Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 ukingoni mwa Mji wa Kale, ilikuwa miliki ya Wareno walioendesha himaya yao ya Bahari ya Hindi kutoka Goa. Karne tatu baadaye, Waingereza walipojenga reli na kuipanua bandari, Wagoa walivuka bahari tena, safari hii wakitafuta riziki. Walikuwa makarani, mafundi cherehani, wapishi na walimu, na maisha yao yalizunguka nguzo tatu: kanisa, shule na klabu.

Mombasa aliyokulia Antao ilikuwa na mambo yake. Kisheria ilihesabiwa kuwa sehemu ya milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus. Lakini waliotoa amri walikuwa Waingereza, na amri zao ziliwagawanya watu kwa rangi. Kila kabila la watu lilikuwa na shule zake na mahali pake pa burudani. Mombasa Sports Club, iliyoasisiwa mwaka 1896, ilikuwa ya Wazungu. Wahindi walikuwa na vilabu vyao, na Wagoa vyao. Vijana wa Mji wa Kale na wa Majengo, wengi wao wasio na klabu yenye nyasi na kuta, walicheza kandanda popote palipokuwa na uwazi wa kutosha kuweka magoli mawili.

Pamoja na mgawanyiko huo, jambo moja lilikuwa la wote, nalo ni mapenzi ya mpira. Kandanda ilitawala mitaani, na katika miaka ya 1960 timu za Mombasa kama Feisal na Liverpool zilivuma hadi nje ya Pwani. Kriketi ilikuwa na wenyewe. Miongoni mwa Wagoa, hasa, mpira wa magongo ulikuwa mchezo wa heshima. Timu za Kenya za magongo zilizoshiriki Michezo ya Olimpiki ya Rome mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964 zilikuwa na Wagoa kadhaa, miongoni mwao Alu Mendonca na Hilary Fernandes.

Antao alilelewa katika mazingira hayo ya mpira. Kwa kijana wa Mombasa wa wakati huo, mbio zilikuwa kwa kawaida jambo la siku ya michezo ya shule, likipita likasahauliwa hadi mwaka uliofuata. Aliyekuwa na miguu mepesi alitazamiwa kuwa winga wa timu ya kandanda au mshambuliaji wa timu ya magongo. Aliyeamua kuyafanya mbio kuwa mchezo wake alikuwa akijitenga na wenzake. Katika magongo, mchezaji huingia uwanjani na wenzake 10. Katika yadi 100, husimama peke yake kwenye mstari wake, na akishindwa hana wa kugawana naye aibu.

Hata hivyo, viwanja vya mpira havikuwa shule mbaya kwa mtimkaji. Winga wa kandanda hakimbii maili moja bila kusita. Huchomoka hatua 20 au 30, husimama ghafla, hugeuka, kisha huchomoka tena. Mshambuliaji wa magongo hufanya hivyo akiwa ameinama, uzito wake ukiwa mbele, karibu na umbo la mtimkaji anapoondoka kwenye mstari wa kuanzia. Jambo ambalo mpira haufundishi ni nidhamu ya njia moja iliyonyooka: kuusikia mlio wa bastola bila kuutangulia, kuinua kiwiliwili taratibu, na kuilegeza misuli ya shingo na mabega wakati miguu ikiwa katika kasi ya mwisho.

Hayo Antao aliyapata chini ya Ray Batchelor, kocha Mwingereza aliyemnoa Mombasa. Mazoezi hayo yalifanywa katika joto na unyevu wa Pwani, bila hewa nyepesi ya milimani ambayo baadaye ilisemwa kuwa siri ya ushindi wa Wakenya. Mtimkaji wa mbio fupi haihitaji hewa hiyo. Kwake joto ni rafiki, kwa kuwa misuli yenye joto hufyatuka upesi zaidi kuliko ile iliyokaza kwa baridi.

Mwaka 1958 Antao alikuwa miongoni mwa waliokwenda Cardiff, Wales, kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Dola na Jumuiya ya Madola. Miaka miwili baadaye alikuwa Rome katika Olimpiki. Kote kuwili hakupata nishani, lakini alikutana na watimkaji bora wa dunia akaona pengo lililobaki kati yake na wao. Katika kiangazi cha mwaka 1962 alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 katika mashindano ya wazi ya Uingereza jijini London, mashindano yaliyokuwa yakiheshimiwa kote katika himaya. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumdharau.

Michezo ya Dola na Jumuiya ya Madola ya mwaka huo ilifanyika Perth, Australia, kuanzia Novemba 22 hadi Desemba 1. Lilikuwa joto la kuogofya, na wanariadha kutoka nchi za baridi waliteseka. Katika yadi 100 aliyetazamiwa kushinda ni Harry Jerome wa Kanada, ambaye alikuwa mmoja wa wamiliki wa rekodi ya dunia. Alikuwapo pia Tom Robinson wa Bahamas, bingwa wa yadi 220 wa mwaka 1958.

Katika fainali Jerome aliumia vibaya msuli wa paja na kumaliza wa mwisho. Antao, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alipita mstari wa mwisho kwa sekunde 9.5, akifuatwa na Robinson. Nafasi ya tatu ilichukuliwa na Mike Cleary wa Australia, ambaye naye alikuwa mwanamichezo wa namna ya pekee: aliichezea nchi yake raga ya wachezaji 15 na raga ya wachezaji 13, na miaka ya baadaye akawa waziri wa michezo katika jimbo la New South Wales.

Huenda wapo waliodhani kwamba bila jeraha la Jerome matokeo yangekuwa mengine. Yadi 220 zilitoa jibu. Antao alishinda tena, akimwacha nyuma David Jones wa Uingereza. Katika michezo hiyohiyo Kimaru Songok aliipatia Kenya nishani ya fedha katika yadi 440 za kuruka viunzi. Lakini dhahabu, ya kwanza na ya pili, zilikuwa za Antao.

Ni vyema kukumbuka hali ya mtu huyo alipokuwa akipanda jukwaa la ushindi. Goa ya wazazi wake ilikuwa imetwaliwa na India Desemba 1961, na utawala wa Wareno uliodumu zaidi ya karne nne ukaisha. Kenya aliyoikimbilia ilikuwa bado koloni. Mombasa alikozaliwa ilikuwa bado ikipeperusha bendera ya Sultani, na mjadala ulikuwa mkali kuhusu iwapo ukanda wa Pwani utaungana na Kenya au utajitenga. Mwaka mmoja baada ya Perth, mambo hayo yalikuwa yameamuliwa: ukanda wa Pwani uliunganishwa na Kenya, na Desemba 12, 1963 nchi ikapata uhuru.

Oktoba 1964 timu ya kwanza ya Kenya huru ilipoingia uwanjani Tokyo kwa ufunguzi wa Olimpiki, aliyeibeba bendera mpya ya nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe alikuwa Seraphino Antao. Kijana aliyekulia chini ya bendera ya Sultani na amri ya Waingereza, mwana wa wahamiaji kutoka koloni la Wareno, ndiye aliyetangulia mbele ya taifa.

Huko Tokyo hakufika fainali. Nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, ya shaba, ililetwa na Wilson Kiprugut katika mita 800. Miaka minne baadaye, jijini Mexico, Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walitwaa dhahabu katika mbio za masafa ya kati na marefu, na macho ya taifa yakahamia nyanda za juu yasirudi tena Pwani.

Nchini Kenya kwenyewe, hali ya jamii ya Waasia ilikuwa imebadilika. Suala la uraia liliwagawanya watu wa nyumba moja, na katika miaka ya mwisho ya 1960 maelfu waliondoka. Antao pia alihamia Uingereza, akaishi huko miaka mingi. Alifariki London Septemba 6, 2011, akiwa na umri wa miaka 73. Wakenya wengi waliozaliwa baada ya uhuru walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza katika habari za kifo chake.

Miaka 11 baadaye, Agosti 3, 2022, Ferdinand Omanyala alishinda mita 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa sekunde 10.02. Wakenya walipouliza ni nani mwenzao aliyewahi kushinda mbio hizo kabla yake, vitabu vya kumbukumbu vilirudi nyuma miaka 60 kamili, hadi Perth na kwa kijana wa Mombasa. Omanyala naye hakuanzia kwenye riadha. Alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kugundua kwamba kasi yake ingemfikisha mbali zaidi bila mpira mkononi.

Miaka hiyo 60 si jambo la kujivunia. Kasi haikukoma kuzaliwa Kenya. Kila jioni, katika viwanja vya Mombasa na kwingineko, wapo mawinga wanaowaacha mabeki wamesimama. Antao alibahatika kumpata mtu aliyemwonyesha njia ya kutoka katika mpira na kuingia katika mbio. Wengi walio mfano wake waliendelea kuufukuza mpira hadi miguu ikachoka, wala hakuna aliyewahi kuwapima kwa saa.