Joseph Guislain: jina tunalotaja bila kujua mwenyewe

Ku Dilolo, wakati kijana wa jamaa anaanza kusikia sauti zenye wengine hawasikie, anakataa chakula juu anaogopa sumu, anatembea usiku muzima, wakubwa wanaketi chini ya muembe na kutafuta sababu. Mumoja anasema ni buloji. Mwingine anasema ugonjwa ulitoka upande wa mama, juu mujomba wake naye alikuwa vile. Kisha kunabakia swali la njia: kupanda treni ao kamyo mupaka Kolwezi, na kutoka pale kuendelea mupaka Lubumbashi, fasi kuko kituo cha magonjwa ya akili chenye kuitwa Docteur Joseph Guislain.

Watu wengi wanataja ile jina. Wachache tu njo wanajua mwenyewe alikuwa nani. Ndugu musomaji, leo tueleze maisha yake, sababu lile swali la chini ya muembe njo swali alilolitumikia maisha yake yote.

Joseph Guislain alizaliwa tarehe 2 Februari 1797 mu muji wa Gand. Wakati ule inchi ya Ubelgiji haikukuwa bado. Gand ilikuwa chini ya Wafaransa, na kisha 1815 ikaingia chini ya Waholanzi. Wakati chuo kikuu cha Gand kilifunguliwa mu 1817, kijana Guislain alikuwa kati ya wanafunzi wa kwanza wa kinganga, na mu 1819 akapata diplome yake.

Kwa kuelewa kazi yake, inaomba kujua namna wagonjwa wa akili waliishi ku Gand wakati alikuwa mutoto. Wanaume walikuwa wanafungwa mu chumba cha chini ya jengo moja la zamani la mawe, lenye watu waliita nyumba ya Gérard Shetani. Walikuwa mule na minyororo, mu giza. Watu waliwaogopa kuliko kuwahurumia. Padri mumoja wa ule muji, Petrus Jozef Triest, ambaye mu 1807 alianzisha shirika la Mabruda wa Karita, njo alishuka mule, na mu 1815 akaanza kufungua wagonjwa minyororo. Padri alikuwa na huruma na mabruda wa kutumika. Alikosa kitu kimoja: munganga wa kufikiri pamoja naye.

Ule munganga akatokea. Mu 1826, wakati alikuwa na miaka 29, Guislain alitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa wa akili na nyumba za kutunzia wagonjwa, kisha kushinda shindano lililofanywa ku Amsterdam. Miaka mbili kisha pale, mu 1828, akawekwa munganga mukubwa wa nyumba za wagonjwa wa akili za Gand. Yeye na padri Triest waliandika pamoja kanuni za zile nyumba: namna ya kulisha mugonjwa, kumuvalisha, kumupa kazi ya mikono, kumulinda bila kumupiga.

Tusimufanye kuwa mutakatifu. Katika kile kitabu cha 1826 kuko hata mapicha ya mashini zenye leo zinatutia baridi. Moja ilikuwa kama kijumba cha Kichina juu ya maji: mugonjwa anaingia, kisha anashushwa mu maji kwa ghafula, eti ile mushituko itarudisha akili. Wanganga wakubwa wa Ulaya wakati ule waliamini mambo ya namna ile. Uzuri wa Guislain ni kama hakubakia fasi moja. Aliendelea kuangalia wagonjwa kila siku, na kile alichoona kikamugeuza.

Mu 1833 alitoa kitabu kingine, na mu 1835 akakuwa profesa ku chuo kikuu cha Gand. Alifika mupaka Italia na Uholanzi kuona namna wengine wanatunza wagonjwa. Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: mwanzo wa ugonjwa wa akili mara mingi ni maumivu ya moyo. Mutu anaumia ndani, na kichwa kinajibu ile maumivu kwa njia mbaya. Kwa hiyo usimutie maumivu mengine juu yake. Umupe utulivu, usingizi, kazi, bustani, na watu wenye kumuzungumuzia kwa upole.

Je, ugonjwa unatoka mu damu ya jamaa? Wanganga wa wakati wa Guislain waliona wazi kama katika jamaa fulani ugonjwa unarudiarudia, na waliweka urizi kati ya sababu zake. Lakini hakuna aliyejua urizi unapita namna gani. Gregor Mendel, mutu wa kwanza kueleza kanuni za urizi kwa kuhesabu mimea ya pwa, alitangaza kazi yake mu 1866. Guislain alikuwa amekwisha kufa miaka sita mbele. Hata jina skizofrenia halikukuwa. Eugen Bleuler wa Uswisi njo alilitoa mu 1908.

Basi tumujibie leo, kama vile angekuwa anaketi pamoja na sisi chini ya ule muembe.

Jibu la kwanza: ndiyo, urizi uko. Kati ya watu mia, karibu mumoja anapata skizofrenia mu maisha yake. Kama ndugu ya tumbo moja ni mugonjwa, hatari inapanda mupaka karibu watu kumi kati ya mia. Lakini angalia mapacha wenye kufanana kabisa, wenye jeni moja: mumoja akigonjwa, mwingine anabakia muzima mara mingi kuliko nusu. Kama jeni zingekuwa hukumu, wote wawili wangegonjwa kila mara.

Jibu la pili: hakuna jeni moja ya wazimu. Mu 2022, watafiti wa inchi nyingi walitangaza fasi 287 mu urizi wa mutu zenye kuongeza hatari, kila moja kidogo sana, na zingine tunazibeba sisi wote wazima. Mu ule mwaka, kundi lingine lililopima wagonjwa zaidi ya 24.000 lilipata jeni 10 zenye kuongeza hatari kwa nguvu wakati zimeharibika. Mabadiliko ya nguvu namna ile ni ya watu wachache tu. Mingi ya zile jeni zinatumika fasi seli za bongo zinapeana habari. Hata Afrika ilitoa jibu lake: mu 2020, utafiti juu ya Waxhosa wa Afrika ya Kusini, wagonjwa 909, ulionyesha kama mabadiliko haba ya nguvu yanapatikana zaidi kwa wagonjwa, na mingi yako mu jeni za ile kazi ya seli. Kenya, Uganda na Ethiopia nazo ziliingia mu utafiti mukubwa wa namna ile, juu urizi wa Waafrika uko na utofauti kuliko wa bara lingine lolote.

Jibu la tatu njo linagusa jamaa zaidi. Mabadiliko mengine ya jeni ni mapya. Baba hana, mama hana. Yalitokea tu wakati mbegu ilitengenezwa. Mufano ni wakati kipande cha kromosomu ya 22 kinakosekana. Watoto wengi wenye hali ile wazazi wao hawana, na karibu mumoja kati ya wane anapata ugonjwa wa namna ya skizofrenia akikomaa. Sasa utamulaumu nani? Kabla ya kusema ni upande wa mama, ao kurudisha mali ya ndoa juu mukwe ana ndugu mugonjwa, kumbuka pia kama wagonjwa wengi zaidi hawana baba wala mama mwenye ule ugonjwa.

Guislain hakusoma mambo haya, lakini aliishi kama vile anayajua. Hakupoteza wakati kutafuta jamaa ya kulaumu. Alitafuta fasi muzuri ya mugonjwa kulala. Alishauri serikali ya Ubelgiji, na mu 1850 ikatokea sheria ya kulinda wagonjwa wa akili. Pamoja na mujenzi Adolphe Pauli alichora hospitali mupya inje ya muji, yenye viwanja na miti. Ilifunguliwa mu 1857, na ilikuwa ya kwanza Ubelgiji kujengwa tangu musingi kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Aliiona ikitumika miaka tatu tu. Alikufa ku Gand tarehe 1 Aprili 1860, na miaka 63. Tangu 1986, mu ile hospitali muna muzeo yenye jina lake.

Dawa za kutuliza zile sauti hakuzijua. Ya kwanza ilianza kupewa wagonjwa ku Paris mu 1952. Leo dawa ziko, na mugonjwa mwenye kufika mapema anaweza kurudi ku shamba, ku soko, ku mugoti.

Minyororo ya Gand ilifunguliwa mu 1815. Lakini hata leo, mu inchi yetu, kuko wagonjwa wanaofungwa kamba ku muti ao mu chumba cha maombi, wakati wakubwa wanabishana juu ya damu ya nani. Ile mabishano inaweza kungojea. Mugonjwa, yeye, hawezi.