Alexander Mackay, fundi wa mitambo aliyeitwa Mzungu wa Kazi

Mwezi Juni mwaka 1878, Mskochi mmoja wa miaka 28 aliwasili Kagei, kijiji kilichokuwa kwenye ufuo wa kusini wa ziwa ambalo leo linaitwa Victoria. Alikuja kuitafuta mali ya msafara wake, iliyokuwa imebebwa na wapagazi kutoka Bahari ya Hindi, na aliikuta imerundikwa ovyo: mabamba ya boila yamelalia vitabu, fito za pistoni zimo kati ya karatasi, vifaa vya useremala vimechanganyika na vya uhunzi, na chuma kimeshika kutu. Wenzake wawili waliomtangulia, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill, walikuwa wameuawa katika kisiwa cha Ukerewe mwezi Desemba uliopita. Hapakuwa na mtu wa kumweleza kipi kilikuwa wapi.

Kuagiza vipuri vipya kutoka Ulaya kungechukua zaidi ya mwaka. Alexander Mackay alianza kupanga. Alitenganisha, akahesabu, akafuta kutu, akaunganisha. Baada ya siku kumi injini ya boti ya mvuke ilikuwa imesimama mbele yake, imekamilika hadi parafujo ya mwisho, na boila ilikuwa inangoja kupigwa ribiti tu.

Mackay anakumbukwa zaidi kama mmisionari wa Kanisa la Uingereza nchini Buganda, na vitabu vingi vimemweleza hivyo. Waganda waliomwona akifanya kazi walimpa jina jingine, nalo ni la Kiswahili: Mzungu wa Kazi. Katika mitaa kama Buyenzi hapa Bujumbura, ambako watu hulelewa katika Kiswahili na vijana hujifunza ufundi chini ya gari lililoinuliwa, jina hilo halihitaji maelezo.

Mtoto aliyefuata treni

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeen. Baba yake alikuwa mchungaji msomi aliyetaka mwanawe naye awe mchungaji. Mtoto alipenda zaidi kiwanda cha mhunzi na kinu cha kusaga. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitembea maili kadhaa hadi kituo cha reli ili aione injini ya treni ikisimama dakika mbili tatu, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akasomea uhandisi, huku akishinda karakanani katika bandari ya Leith kujifunza kazi kwa mikono. Mwaka 1873 alihamia Berlin. Huko alichora mitambo, akajifunza Kijerumani, na akapanda hadi kuongoza idara ya mashine za reli katika kampuni moja ya mji huo. Angeweza kubaki Ujerumani na kuishi maisha mema.

Mwezi Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley, iliyoandikwa katika jumba la Kabaka Mutesa. Stanley aliomba watu wapelekwe Buganda, na alisisitiza wawe watu wa vitendo, wanaojua kujenga, kulima na kutibu. Mackay aliona kwamba ameitwa yeye. Mwezi Aprili 1876 alipanda meli, na hakuiona Ulaya tena.

Barabara, ng'ombe na mbung'o

Kutoka Zanzibar msafara ulijaribu kwanza njia ya maji. Mito ya Wami na Kingani ilipimwa kwa boti ndogo ya mvuke, ikaonekana inajipinda mno. Baadaye Mackay aliugua homa kali njiani, akarudishwa pwani. Alipopona alipewa kazi ya kukata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa maili 230, yaani kama kilomita 370.

Mashine yake ilikuwa kikosi cha vibarua wenye mashoka, misumeno, sururu na majembe. Walikata vichaka, wakachimba kingo za makorongo ili magurudumu yapite, wakatandika miti juu ya vijito. Mwaka 1877 barabara ilifika Mpwapwa. Kisha Mackay alileta magari ya kukokotwa na ng'ombe, na hapo hesabu yake ilivunjika. Mvua iligeuza udongo kuwa tope, magurudumu yakazama hadi ekseli, na mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Njia ilikuwa tayari, lakini hapakuwa na kitu cha kuvuta mzigo. Kila chuma kizito kilirudi vichwani na mabegani mwa watu. Ukubwa wa mtambo ukawa unapimwa kwa kile ambacho mpagazi mmoja, au wawili kwa mti, waliweza kukibeba.

Mashine iliyofunguliwa kwa ajili ya safari huteseka kwa namna mbili: hupoteza vipande vidogo, na hupata kutu katika sehemu zinazosuguana. Wakazi wa Bujumbura wanaijua meli ya Liemba, iliyopita kwenye Ziwa Tanganyika kwa vizazi. Ilipokuwa ingali ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 ili isitekwe, lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini ikiendeshwa na injini zilezile. Mali ya Kagei haikupata bahati ya kupakwa grisi na mtu aliyejua itakaa muda gani. Ndiyo maana zile siku kumi za Mackay zilikuwa na uzito kuliko zinavyosikika.

Boila nayo ina hatari yake. Kutu hula bamba kwa ndani, mahali jicho halifiki, na bamba lililokondeana hustahimili moto wa chini kisha hupasuka mvuke unapopanda. Kwa sababu hiyo boila iliyotengenezwa upya hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu kabla haijawashwa moto. Maji hayajibani, mshono ukishindwa, hutoa mchirizi tu. Mvuke katika mshono uleule ungewaua waliosimama karibu. Kanuni hiyo haijazeeka. Fundi wa katapila leo huteremsha ndoo ya mashine hadi ardhini na kuondoa msukumo wa mafuta kabla ya kulegeza bomba la haidroliki, kwa maana kinachoua ni nguvu iliyofungiwa, na injini kuzimwa hakuiondoi.

Boti iliyofupishwa

Kuwa na injini hakukumpa Mackay meli. Chombo kilichokuwepo ziwani ni boti ya tanga na makasia iitwayo Daisy, nayo ilikuwa na matundu. Aliiziba, na mwezi Agosti 1878 akaondoka Kagei pamoja na mwenzake, C. T. Wilson, kuelekea Buganda. Dhoruba iliwatupa kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa na Daisy ikavunjika vibaya.

Alichokifanya hapo ndicho kinachomtambulisha fundi. Mbao za kununua hazikuwepo. Aliikata boti katikati, akaondoa kipande kizima cha tumbo, akazitumia mbao zake kuwa viraka vya mbele na nyuma, kisha akaunganisha tezi na omo. Kazi ilichukua majuma manane, na wenyeji wa ufuo huo waliwapa chakula na mahali pa kulala. Chombo kilichotoka majini kilikuwa kifupi kuliko kilichoingia, lakini kilielea. Tarehe 6 Novemba 1878 Mackay alifika Rubaga, makao ya Mutesa.

Kiwanda cha Natete

Mutesa alikuwa mtawala mwerevu aliyejua anachokitaka. Wamisionari wa kwanza walipofika kwake mwaka 1877, aliuliza kama wanajua kutengeneza bunduki na baruti. Ufundi katika jumba lake ulikuwa nguvu ya kisiasa, na Mackay alilijua hilo kila alipoombwa kutengeneza kitu.

Alijenga kiwanda Natete, akaweka tanuri la mhunzi, kerezo, jiliwa na jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mguu. Vijana walikuja kutazama, wakabaki kujifunza. Alichimba kisima na kukifunga pampu, na watu walikusanyika kuona maji yakipanda juu. Alichonga herufi za chapa kwa mkono ili Kiganda kiweze kuchapishwa. Mwaka 1882 mama wa Kabaka, Namasole Muganzirwazza, alipofariki, Mackay alikabidhiwa kazi ya majeneza matatu, moja ndani ya jingine, likiwemo la shaba, na la nje kubwa mno. Wahunzi wa Kabaka walifanya naye kazi hiyo kwa wiki nyingi. Baadhi ya wamisionari wenzake waliona ni kupoteza muda. Bila shaka ilimjengea heshima kuliko mahubiri yake mengi.

Tabia yake haikuwa laini. Barua zake zina dharau kwa desturi za watu aliokuwa mgeni wao, na barazani alibishana vikali na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Hao walikuwa wamemtangulia kwa zaidi ya miaka 30. Uislamu ulifika Buganda katika miaka ya 1840, na Mutesa mwenyewe alijifunza Kiswahili na kusoma Kiarabu kwao. Lugha ambayo Mackay alizungumza na Kabaka tangu siku za mwanzo, na jina alilopewa, vyote viliingia Buganda kwa njia ya misafara ya watu aliowapinga. Vilevile aliitakia nchi hiyo ulinzi wa Waingereza, na historia iliyofuata inaonyesha ulinzi huo ulikuwa nini.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Mwanawe Mwanga alirithi kiti akiwa kijana, na akawaona Wazungu kuwa kitangulizi cha uvamizi. Mwezi Januari 1885 vijana watatu waliosoma misheni waliuawa, mwezi Oktoba Askofu Hannington akauawa Busoga, na mwaka 1886 makumi ya vijana Wakristo waliteketezwa. Miongoni mwa waliouawa walikuwemo aliowafahamu kiwandani. Yeye mwenyewe aliachwa, na waandishi wengi wanaamini sababu ni moja: alikuwa fundi pekee wa aina yake, na Mwanga alimhitaji.

Usambiro

Mwezi Julai 1887 alilazimika kuondoka. Alivuka ziwa hadi Usambiro, upande wa kusini, katika Tanzania ya sasa, akaanza upya: matofali, nyumba, tanuri, mashine ya chapa. Na aliirudia ndoto ya Kagei, chombo cha mvuke ziwani, kwa kuwa alijua dhoruba ya Daisy ingeweza kuwa ya mwisho.

Stanley, ambaye barua yake ilimleta Afrika, alipita hapo mwaka 1889 akitoka katika msafara wa Emin Pasha, na akakaa karibu majuma matatu. Alikuta karakana imejaa mitambo na zana, wahunzi wanashughulikia boila ya boti, mtumbwi mkubwa uko nje ukitengenezwa, na magogo yamelazwa kwenye mashimo ya kupasulia mbao. Wenyeji waliofundishwa kazi ndio walioshika nyundo.

Viongozi wake London walitaka arudi apumzike. Alikataa kuondoka kabla ya kufika mtu wa kushika nafasi yake. Mapema mwezi Februari 1890 alishikwa na homa ya malaria, na tarehe 8 alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 40, na alikuwa ameishi Afrika Mashariki karibu miaka 14 mfululizo. Boti yake ya mvuke ilikuwa bado nchi kavu.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1900, meli ya mvuke William Mackinnon ilishushwa majini upande wa Kisumu. Ilitengenezwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande, na ikapitia Mombasa kabla ya kuunganishwa ufuoni. Reli yenyewe ilifika ziwani mwaka uliofuata. Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalitolewa Usambiro na kuzikwa tena Namirembe, Kampala, si mbali na Natete alikokuwa na kiwanda chake. Natete sasa kuna shule yenye jina lake.