Kasa-Vubu: mwalimu wa klasi ya sita kabla ya kuwa raisi

Watu wa Kasongo na Kabambare wanajua vizuri hali hii. Kijana amemaliza sekonderi, direkta anamwita aje kusaidia klasi moja, naye anashika chaki kwa kungojea. Mushahara wake ni ile feza kidogo inayochangwa na wazazi. Anaambiwa atafute kwanza karatasi, kisha mambo yatanyooka. Basi anajiandikisha ISP, ao anarudi kufanya mtihani wa Leta katika pedagogi, na huku kila asubuhi yuko mbele ya watoto. Siku moja karatasi inafika, lakini mushahara unabaki ni uleule.

Hali hiyo ilikuwako tangu zamani, wakati wa Wabeleji. Mmoja aliyepita katika njia hiyo ni mtu ambaye jina lake kila mwanafunzi wa Kongo analijua: Joseph Kasa-Vubu, raisi wa kwanza wa nchi.

Mtoto wa mkulima

Kasa-Vubu alizaliwa kijijini Kuma-Dizi, katika Mayombe, magharibi kabisa ya Kongo, karibu na Kabinda. Mwaka wa kuzaliwa unaandikwa mbalimbali, tangu 1910 hadi 1917, na wengi wanashika 1915. Alikuwa wa nane kati ya watoto tisa.

Baba yake alikuwa mkulima aliyefanikiwa, na alifanya biashara na watu wa Kabinda. Alijenga nyumba yake kando, pembeni ya kijiji. Mali na kukaa mbali vilileta wivu, na maneno yakaanza kusemwa juu yake. Kwa kutuliza watu, mzee huyo alikubali mwenyewe kunywa mwavi usiku, ile dawa ya ganda la mti ambayo kule inaitwa nkasa. Hakufa. Tangu hapo neno Kasa likaongezwa kwenye jina Vubu, kuwa ushahidi kwamba mzee hakuwa na kosa.

Mama alifariki mtoto akiwa na miaka minne hivi. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 1925 alibatizwa, akapewa jina Joseph. Mwaka 1927 aliingia klasi ya tatu ya primeri kwenye misioni ya mapadri wa Scheut kule Kizu, karibu na Tshela. Alikuwa na akili ya masomo, na mwaka uliofuata walimpeleka semineri ndogo ya Mbata-Kiela, mwendo wa kilometa 50 hivi. Pale alimaliza primeri, akajifunza Kilatini na masomo ya sekonderi. Mwaka 1936 alimaliza akiwa wa pili katika klasi yake. Mwaka huohuo baba yake alifariki.

Mlango wa upadri unafungwa

Wakati ule, mtoto mweusi mwenye akili hakuwa na njia nyingi. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa mamisioni, nayo serikali ya Wabeleji ilizisaidia kwa feza. Upande wa Maniema walikuwa Mapadri Weupe, upande wa Mayombe walikuwa wale wa Scheut, lakini kazi ilikuwa ileile: kutoa makatekista, walimu, makarani, na wachache sana mapadri. Iniversite haikuwako.

Kasa-Vubu alichagua upadri. Alipelekwa semineri kubwa ya Kabwe, katika Kasai, mbali sana na kwao. Masomo yalikuwa ya miaka minane: mitatu ya filozofia, mitano ya teolojia. Alimaliza ile mitatu. Halafu, mwaka 1939, askofu akamfukuza.

Alirudi Mayombe na kichwa kimejaa Kilatini na filozofia, lakini mkononi hakuwa na kazi. Misioni ya Kangu ikamchukua kuwa karani wa hesabu. Mushahara ulikuwa franka 80 kwa mwezi.

Karatasi ya mwalimu

Hapa ndipo maisha yake yanafanana na ya walimu wa huku kwetu. Kasa-Vubu hakuridhika na franka 80. Aliona mtu aliyesoma kama yeye anaweza kupanda, na ngazi iliyokuwa karibu ni ualimu. Misioni ilikuwa na shule, na shule ilihitaji walimu wenye kupita mtihani. Basi akafanya mitihani ya walimu, akafaulu. Mwanzoni mwa 1941 wakampa klasi ya sita kwenye shule ya misioni.

Klasi ya sita si kazi ya mchezo. Ndiyo inayofunga primeri, na mtoto akianguka pale, njia yake inakatika. Kumpa mtu klasi hiyo ni kukubali kwamba anaweza.

Lakini mwisho wa mwezi ulipofika, mushahara haukuongezeka. Mtihani alikuwa amepita, klasi alikuwa ameshika, na wenye misioni walilipa kama zamani. Kasa-Vubu hakunyamaza. Alibishana waziwazi na mkubwa wa misioni na askofu wa pale, kisha akaondoka. Kwa mtu aliyelelewa na mapadri tangu utoto, na katika nchi ambako neno la padri lilikuwa karibu sawa na neno la serikali, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Mwezi wa tano 1941 alipata kazi kwenye Agrifor, kampuni ya mashamba na mbao. Wakamlipa franka 500 kwa mwezi. Ni zaidi ya mara sita ya kile alichopata Kangu. Kwa feza hiyo aliweza kufikiri juu ya nyumba. Tarehe 10 mwezi wa kumi mwaka uleule alimuoa Hortense Ngoma Masunda, na ndoa ilifungwa palepale misioni ya Kangu. Walizaa watoto tisa.

Tuhesabu kidogo. Mwanzoni mwa mwaka mtu ni mwalimu wa klasi ya sita. Mwezi wa tano yuko kwenye kampuni ya mbao. Watoto wa Kangu walipoteza mwalimu kabla mwaka haujafika nusu, si kwa sababu hakujua kazi, ni juu ya mushahara tu.

Kutoka karani hadi raisi

Mwezi wa sita 1942 Kasa-Vubu aliingia kazi ya serikali katika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye ofisi ya feza. Alikaa pale miaka 15 na kufika cheo cha karani mkubwa. Juu zaidi ya hapo mtu mweusi hakuruhusiwa kupanda, hata akijua kazi kuliko mzungu aliyekaa mbele yake. Ukuta ulikuwa uleule aliougonga Kangu.

Safari hii hakuondoka. Alianza kukusanya watu. Kwanza katika chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut, halafu katika ABAKO, iliyoanza kama chama cha kulinda lugha na desturi za Wakongo. Mwaka 1954 akawa mkubwa wa ABAKO, na mwaka 1956 chama hicho kikadai uhuru bila kungojea miaka mingine 30. Mwisho wa 1957 palikuwa uchaguzi wa komini za mji, na Kasa-Vubu akawa burgumestre wa Dendale. Leo komini hiyo inaitwa Kasa-Vubu.

Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, mkutano wa ABAKO ulikatazwa na mji ukawaka. Watu wengi walikufa, naye akatiwa gerezani. Mwaka na nusu baadaye, bunge lilimchagua kuwa raisi, na tarehe 30 mwezi wa sita 1960 Kongo ikapata uhuru.

Utawala wake haukuwa na amani. Tarehe 5 mwezi wa tisa 1960 alimwondoa Patrice Lumumba kwenye uwaziri mkuu. Kwa Maniema, ambako MNC ya Lumumba ilikuwa na nguvu, jambo hilo lilikuwa jeraha. Mwaka 1964 vita ya Wasimba ilipita huku na kuacha vilio vingi. Mwezi wa kumi na moja 1965 Mobutu akampindua. Kasa-Vubu alirudi kwao, na tarehe 24 mwezi wa tatu 1969 alifariki kule Boma.

Kinachobaki

Wengi wanamkumbuka kwa ugomvi wake na Lumumba. Wachache wanajua kwamba mtu huyo alipata kuwa mwalimu, kwa mtihani aliofanya huku akishika vitabu vya hesabu vya misioni.

Mwalimu wa Kasongo ao Kabambare anayesoma akiwa kazini anaweza kuangalia pande mbili za maisha hayo. Juhudi ya Kasa-Vubu haikupotea: mtu aliyefanya kazi na kusoma wakati mmoja alionyesha kwamba anaweza, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya hayo. Lakini karatasi peke yake haikumlisha. Kule Kangu, feza ilikuwa mikononi mwa wakubwa, na wao walipokataa kuongeza franka kidogo, shule ndiyo iliyolipa kwa kubaki bila mwalimu.

Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilitangaza primeri bila malipo, na mzigo wa mwalimu ulipaswa kutoka begani kwa mzazi. Mahali ambapo mwalimu mwenye karatasi bado hajaingia kwenye listi ya mushahara, hesabu ya Kangu ya mwaka 1941 haijafungwa. Naye anayengoja klasi ya sita, leo kama siku zile, ni mtoto.