Joe Ossanna, Aliyeomba Kompyuta kwa Ajili ya Karatasi

Mwaka wa kwanza wa kompyuta, somo la mifumo endeshi, lazima utasikia majina mawili: Ken Thompson na Dennis Ritchie. Hao ndio Unix, na kutoka Unix ndiko Linux ilikopata umbo lake, mpaka simu za Android tunazoshinda nazo vimbweta. Jina la tatu huwa halifiki ubaoni. Mwenyewe nililijua kwa kuchimba, na nikamwelewa vizuri nikiwa mbali kabisa na maabara ya chuo, huko Same milimani, kwenye shida ya kuchapa mtihani. Nitafika huko. Kwanza mwenyewe.

Joseph Frank Ossanna alizaliwa Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, tarehe 10 Desemba 1928. Alisoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Wayne State, palepale Detroit, akahitimu 1952. Kazi akaipata Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, eneo la Murray Hill, New Jersey. Huko hakuanza na programu hata kidogo. Alishughulika na vikuza mawimbi visivyo na kelele, na hesabu za kujua antena ielekezwe pembe gani ili iipate satelaiti, na jinsi mawimbi ya redio yanavyofifia chombo kikiwa kwenye mwendo. Hilo la mwisho abiria yeyote wa magari ya milimani Upareni analijua bila hesabu: kona moja mtandao upo, kona ya pili umekwenda.

Mwaka 1965 Bell Labs iliungana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kutengeneza mfumo mkubwa ulioitwa Multics, wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ossanna alikuwemo, hasa upande wa namna data inavyoingia na kutoka. Mfumo ulichelewa, ukala pesa, na 1969 Bell Labs ikajitoa. Wakubwa wa maabara walibaki na kidonda. Neno mfumo endeshi lilikuwa halitaki kusikika ofisini. Thompson, Ritchie, Rudd Canaday na Ossanna wakabaki na mawazo mazuri bila mashine. Walichopata ni PDP-7, kompyuta iliyokwishapitwa na wakati, na juu yake ndipo Unix ya kwanza ikaanza kupumua.

Sasa hapa ndipo ninapomwona Ossanna ni mtu wa namna yake. Yeye na wenzake walikuwa wameshaandika maombi ya kununuliwa kompyuta mara kadhaa, yote yakagonga mwamba, maana waliomba pesa nyingi kwa ajili ya kitu ambacho wakubwa walishakichoka. Mwanzoni mwa 1970 likaenda ombi jingine, na msukumo wake mkubwa ulitoka kwa Ossanna. Halikutaja utafiti wa mfumo endeshi. Liliomba PDP-11, kwa dola kama 65,000, kwa ajili ya kuandaa maandishi: kuyahariri, kuyapanga, kuyatoa kwenye karatasi. Basi. Hata hilo lilikataliwa mwanzoni, mpaka mwenzao Lee McMahon alipohangaika na pesa zikapatikana. Oda ikawekwa mwezi Mei. Kompyuta yenyewe ilifika kabla ya diski yake, na diski ilikuja Desemba. Kwa miezi ile mashine ilikaa inahesabu njia za farasi kwenye ubao wa sataranji. Nasi tunaosubiri bumu tunaelewa maisha hayo.

Kuna wanaosema ile ilikuwa janja tu, kwamba maandishi yalikuwa kisingizio cha kupata mashine ya kuchezea Unix. Kwa wengine huenda. Kwa Ossanna sikubali. Mtu huyu alipenda kazi ya maandishi tangu wakati huo hadi mwisho wa uhai wake, na ushahidi ni kile alichokifanya baada ya kupata mashine.

Bell Labs ilikuwa na idara ya hataza, yaani ya kuandaa maombi ya kulinda uvumbuzi wa wahandisi wao. Maombi hayo yana masharti: kurasa ziwe na mistari yenye namba, na alama za hesabu zitokee sawasawa. Idara ilikuwa inaangalia mfumo wa kununua dukani, lakini ule haukuweza kuweka namba za mistari. Watu wa Unix wakaiongeza haraka kwenye programu yao ya kupanga maandishi, roff, na mashine zao za Teletype namba 37 ziliweza kupiga alama nyingi za hesabu. Nusu ya pili ya 1971 wachapaji watatu wa idara ile wakahamia kwenye PDP-11, wakiandika na kutoa maombi kutwa nzima, huku watafiti wakijaribu programu zao kwenye mashine hiyohiyo. Diski ilikuwa nusu megabaiti. Picha moja ya simu yako haienei. Na mtafiti akikosea kidogo, mfumo mzima ulikuwa unaweza kuanguka pamoja na kazi ya wachapaji. Lakini jaribio lilifaulu, idara ikaichukua Unix, na wakubwa wakaridhika kiasi cha kuwanunulia watafiti mashine kubwa zaidi, PDP-11/45.

Kwa hiyo mteja wa kwanza wa Unix nje ya kundi la watafiti alikuwa mchapaji anayetaka karatasi yake itoke vizuri. Doug McIlroy, mkuu wao wa idara, alipomkumbuka Ossanna baadaye alimfananisha na sajini wa karakana ya magari ya jeshi, yule anayejua kila kipuri kinapatikana wapi. Ndiye aliyeipatia vifaa maabara yao ya kwanza na ndiye aliyewavuta hao watumiaji wa nje.

Nikija Same. Mazoezi ya ualimu yalinipeleka kwenye shule ya kata huko juu, upande wa Mamba Miamba, kwenye tangawizi. Ukitoka Same mjini unapita Kisiwani, mbuga ya Mkomazi iko kushoto kwako, milima kulia, halafu unaanza kupanda na joto unaliacha chini. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya msaada, kuukuu, ina Linux ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Ukiifungua kwa picha na madirisha unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, bado inafikiria. Pembeni kulikuwa na printa ya leza ya rangi moja. Vyote viwili vilikuwa vimefunikwa kitambaa, kama kochi la wageni.

Mitihani ilikuwa inachapwa mjini. Nauli ya kushuka, nauli ya kupanda, siku nzima ya mwalimu, na gharama ya kopi. Hayo yangevumilika. Muhula uliotangulia, mtihani wa Kidato cha Pili uliopelekwa kwenye duka moja la steshenari, jina nalihifadhi, ulibaki kwenye kompyuta ya duka, na siku ya siku wanafunzi kadhaa wakawa na majibu ya sehemu A kwa mpangilio wake. Mtihani ukafutwa. Mwalimu wa taaluma, mzee aliyeanza kazi enzi za taipureta na stensili, akatakiwa kujieleza kwa barua, na alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Safari hii alisema mtihani hautashuka mlima.

Basi tukakifunua kile kitambaa. Kwenye skrini nyeusi, bila picha yoyote, ile kompyuta ilikuwa na nguvu kama kijana. Mwalimu aliandika mtihani kwenye faili la maandishi matupu, hakuna kukoleza, hakuna rangi. Amri lp ikifuatiwa na jina la faili huipeleka karatasi kwenye printa. Ukiongeza -n 46 zinatoka nakala 46. Amri pr hugawa maandishi katika kurasa, ila huweka juu tarehe na jina la faili, na mwalimu hakutaka wanafunzi wasome kwamba faili linaitwa mtihani_mpya2, kwa hiyo ni pr -t, isiyoweka kichwa. Kwa kifungu cha ufahamu tuliongeza -n, na kila mstari ukapata namba, ili swali liweze kusema angalia mstari wa 14. Yaani kitu kilekile walichohitaji wanasheria wa hataza mwaka 1971. Na pr yenyewe imo kwenye kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Novemba mwaka huohuo.

Umeme ulikatika katikati ya kazi, kama kawaida yake. Hapo ndipo nilijifunza kwamba foleni ya kuchapa haipotei: inaandikwa kwenye diski, na umeme ukirudi, lpstat -o inakuonyesha kazi iko palepale. Lakini ile iliyokatizwa huanza upya, kwa hiyo unahesabu karatasi zilizokwishatoka, na unaifuta kwa cancel ukihitaji kubadili idadi. Mwalimu alihesabu mara tatu. Nakala ya ziada ya mtihani ni mlango. Zilizozidi alizichoma nyuma ya jiko la shule mbele yangu na mbele ya mkuu wa shule, na mtihani ukafanyika bila neno.

Turudi Murray Hill. Teletype inapiga herufi za ukubwa mmoja, kama taipureta. Ossanna alitaka zaidi, alitaka ukurasa unaofanana na kitabu. Alikuwa ameandika nroff, mrithi wa roff. Maabara ilipopata mashine ya kupanga herufi kwa mwanga, CAT ya kampuni ya Graphic Systems, aliandika 1973 toleo la kuiendesha, akaliita troff. Mashine ile ilimulika herufi kupitia filamu hadi kwenye karatasi ya picha, ambayo ilibidi isafishwe kwa dawa kama picha za studio za zamani. Filamu ilibeba aina nne tu za herufi kwa mara moja. Troff ya kwanza yote iliandikwa kwa lugha ya mashine ya PDP-11. Miaka miwili baadaye akaiandika upya kwa lugha ya C.

Huku kwetu katikati ya miaka hiyo upepo ulivuma upande mwingine. Serikali ilikuwa na kompyuta Hazina tangu 1965, mambo ya hesabu yakaenda mrama, na 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Unaweza kubishana kama ilikuwa busara. Mimi naona hasara kubwa ilikuwa ya watu: kizazi kizima cha walimu, akiwemo yule mzee wa taaluma, kilifika kwenye kompyuta kikiwa na mvi.

Ossanna alipanga kuiandika troff kwa mara nyingine, irahisike kutumia. Hakuwahi. Moyo ulimshinda tarehe 28 Novemba 1977, siku kumi na mbili kabla hajatimiza miaka 49. Ni mwaka ambao CCM ilizaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Aliacha maelfu ya mistari ya programu isiyo na maelezo, ambayo aliyekuwa akiielewa vizuri ni yeye peke yake. Brian Kernighan ndiye aliyeirithi, akaingia ndani yake kama mtu anayeingia nyumba ya marehemu gizani, akaifungua ili iweze kuendesha mashine za aina yoyote na si CAT tu.

Miezi michache baada ya kifo hicho, mwanzoni mwa 1978, kilitoka kile kitabu cha Kernighan na Ritchie cha lugha ya C, ambacho maktaba nyingi za vyuo wanacho kikiwa kimechakaa. Waandishi walikipanga wenyewe kwa mashine ileile ya Graphic Systems, ikiendeshwa na PDP-11 chini ya Unix. Mwaka 1990 James Clark akatoa groff, toleo huria la kazi ya Ossanna, na kwa Linux nyingi hiyo ndiyo inayopanga kurasa za msaada kila unapoandika man. Amri zake zinaanza na nukta mwanzoni mwa mstari: .ce inaweka maneno katikati, .sp inaruka nafasi, .bp inafungua ukurasa mpya. Ukitaka kuona kwa macho, tafuta kompyuta yenye Linux na printa, andika man -t pr | lpr, usubiri karatasi.